Sakafu ya Tela la Farasi

Mtamba wa kwanza wa kikundi cha dada yangu alishushwa ziwani kwa lori la wazi. Alivunjika mguu kwenye kona za mlimani, wakamchinja kando ya lami hata kabla hajaliona ziwa. Tangu siku hiyo Bi. Edina, mtaalamu wao wa mifugo, alikata neno: ng'ombe mwenye mimba hashuki tena milima ile kwenye lori. Mpaka wapate chombo cha kubebea wanyama, zamu zote zimesimama.

Na zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa ya dada yangu, Scholastica.

Kikundi chao kina wanawake kumi na wawili, wote wa kijiji kimoja cha ufukweni, kabla hujafika Mbamba Bay. Utaratibu wao ni huu. Anayefikiwa na zamu anapewa mtamba wa maziwa mwenye mimba. Maziwa ni yake, mbolea ni yake. Lakini ndama jike wa kwanza si wake. Huyo anamlea mpaka aache kunyonya, kisha anamkabidhi mwenzake anayemfuata. Kwa hiyo kila mimba inayoshuka kule ina wenyewe wawili: mmoja anasubiri maziwa, mwingine anasubiri ndama. Aliyekuwa nyuma ya Scholastica ni Mama Yuliana, mama wa miaka sitini na kitu, mwenye ulimi wa wembe.

Dada yangu alikuwa amesubiri miaka minne. Ni mjane. Alikuwa ameshapanda matete, ameshajenga banda, ameshachimba hata shimo la mbolea. Sasa shamba linalotoa mitamba, huku juu kwetu, likatuma ujumbe: mtamba asipochukuliwa hadi mwisho wa Juni atapewa kikundi kingine, kwa sababu mimba ikishatimiza miezi minane hawaruhusu asafiri. Scholastica alinipigia simu. Hakulia. Aliniuliza tu kama namjua mtu mwenye gari la kufunikwa.

Nikamwambia, "Nipe wiki tatu. Nitakutengenezea tela."

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Mbinga mjini. Naitwa Joakim, ingawa wengi wananiita Fundi tu. Natengeneza mageti, madirisha, na mashine za kumenyea kahawa zikikatika miguu zinaletwa kwangu. Mwaka juzi nilikwenda kuziba tangi kwenye misheni moja ndogo, njia ya Kigonsera, nikaona nyuma ya ghala tela la farasi. Zamani palikuwa na padre aliyefuga farasi wawili na kuwabeba humo. Padre aliondoka, farasi wakafa, tela likawa banda la kuku. Nilipokwenda kuliomba, sista mkuu alinipa kwa sharti moja: niondoke nalo pamoja na mavi ya kuku yaliyomo.

Mavi hayo yalijaa matoroli tisa.

Chini yake ndipo nilipoiona kazi. Magurudumu yalikuwa yameganda kwa kutu. Springi moja imekatika jani. Bati la ubavuni limeliwa, ukiingiza kidole kinatokea upande wa pili. Mlango wa nyuma, ule unaoshushwa chini mnyama akapanda juu yake, ulikuwa umebaki na bawaba moja. Na mkono wa mbele, ule unaoshikana na gari, ulikuwa na ufa wa urefu wa kiganja.

Ufa ule ndio ulioninyima raha. Niliusaga mpaka chuma kikang'aa, nikauchomelea, nikaupiga nyundo, sikuridhika. Nikausaga tena, nikauchomelea tena, nikauwekea bamba huku na bamba huku. Bado kila nikikaa kula naona mkono unakatika kwenye kona, tela linarudi nyuma na dada yangu amesimama barabarani anaangalia. Nikafunga mnyororo wa akiba. Kisha nikafunga mnyororo wa pili, wa akiba ya ile akiba.

Sakafu haikuniumiza kichwa hata kidogo. Mbao za zamani zilikuwa zimeoza, unaziondoa kwa mkono kama ugali uliolala. Juu yake zilikuwa zimepigiliwa papi, vile vipande vyembamba vya mbao, zimekingama kutoka ubavu hadi ubavu, kila baada ya shibiri moja. Nikajua ni viraka. Nikasema huyu seremala wa padre alikuwa mvivu, mbao zikipasuka badala ya kubadilisha anabandika kipapi. Nikazing'oa zote nikazichoma moto.

Nikaweka mbao mpya za mti wa mlingoti, nene, nimezipiga randa mwenyewe. Hazikuacha nafasi ya kupitisha hata wembe. Kisha nikafanya kile anachofanya kila mtu kwetu kwenye nguzo, kwenye kenchi, kwenye fremu za milango: nikapaka oili chafu kutoka gereji, mikono miwili, nikaanika wiki nzima kila jua lilipotoka. Mbao ikinywa oili chafu mchwa haigusi. Sakafu ikawa nyeusi, inang'aa kama meza ya mkurugenzi.

Hamphrey, mwenye pikapu tuliyopanga kuvutia tela, alikuja kuiona akavua viatu.

"Vaa viatu," nikamwambia.

"Siwezi, Fundi. Nitachafua. Humu nilale mimi, ng'ombe atembee kwa miguu."

Siku ya majaribio tulipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa ng'ombe na nusu, tukavuta hadi Mpepai na kurudi. Kila baada ya kilomita chache nilimsimamisha Hamphrey, nikalala chini ya mkono wa tela na tochi. Hakuna kilichofunguka. Mifuko ilitulia kama ilivyopangwa. Mifuko ya mchanga haina kwato, lakini hilo sikuliwaza.

Tulikwenda kumchukua mtamba Jumamosi, siku tano kabla ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala barabarani na manyunyu hayakatiki, kama kawaida yetu mwezi wa sita. Bi. Edina alikuwa amepanda kutoka ziwani siku iliyotangulia ili ashuke naye. Ni mwanamke mfupi, anavaa mabuti ya mpira siku zote, na anazungumza na ng'ombe kwa upole kuliko anavyozungumza na watu.

Mtamba alikuwa wa rangi ya kahawia, paji jeupe, mimba ya miezi saba na nusu. Alifika mlangoni mwa tela, akanusa. Akaweka mguu mmoja wa mbele juu ya sakafu yangu. Ukateleza kidogo. Akaurudisha.

Niliona. Naandika hivyo kwa sababu baadaye ningeweza kusema sikuona, na hakuna ambaye angebisha. Niliona kwato ikiteleza upana wa vidole viwili, nikajiambia ni tope la zizini.

"Anaogopa giza," Bi. Edina akasema. "Leta pumba."

Tukamtangulizia ndoo ya pumba, akaingia kwa kujikaza. Nikamfunga kamba fupi kwenye pete ya mbele ili asigeuke.

"Nyasi za kukanyagia ziko wapi, Fundi?"

"Nimeweka."

"Hizi? Hizi ni za kuku."

"Daktari, nyasi nyingi zikiloa mkojo zinaozesha mbao. Sakafu hii ni mpya."

Aliniangalia, akaangalia saa, akaangalia ukungu. Kibali chake cha kusafirisha mnyama kilikuwa cha siku ile tu. "Twende," akasema. "Polepole."

Nilikaa nyuma ya kiti cha Hamphrey, nimegeuza shingo. Kupitia kioo cha nyuma niliuona mkono wa tela na minyororo yangu miwili. Sikuondoa macho. Barabara ilipoanza kuinama nikashika kiti cha Hamphrey kwa mikono miwili.

"Fundi, utavunjika shingo," Hamphrey akasema. "Mkono ukikatika utasikia, huhitaji kuona."

"Endesha."

"Naendesha. Lakini unanipumulia kisogoni kama mke wa pili."

Bi. Edina hakucheka. "Gia ya pili," akasema. "Usikanyage breki ghafla."

Kona ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Mkono wa tela haukutikisika. Kona ya tatu ilikuwa imejikunja na imeinama sana, na katikati yake palikuwa na mtu wa pikipiki amebeba mikungu ya ndizi. Hamphrey akagusa breki. Aliigusa tu, hakuikanyaga.

Nyuma yetu kitu kikapiga. Kishindo kizito, kama mfuko wa saruji umedondoka kutoka darini. Pikapu ikasukumwa mbele. Mimi nikautazama mkono wa tela. Ulikuwa mzima, minyororo mizima, kila kitu nilichochomelea kilikuwa mahali pake.

"Ameanguka," Bi. Edina akasema. Alikuwa ameshafungua mlango kabla gari halijasimama.

Hamphrey alilisogeza gari hadi palipo na nafasi pembeni. Nikashusha mlango wa nyuma. Mtamba alikuwa amelala kifudifudi, miguu ya nyuma imetawanyika huku na huku kama ya chura, shingo imevutwa na kamba yangu fupi, macho yametoka. Alikuwa amekojoa. Mkojo ulikuwa unatiririka juu ya mbao nyeusi, na juu ya mkojo mafuta yanaelea kwa rangi za upinde wa mvua. Ile oili niliyodhani mbao zimeinywa yote ilikuwa imetoka nje kunipokea.

Niliingia kwa haraka. Hatua ya pili nikaanguka chali, kichwa kikagonga bati. Hamphrey, ambaye hucheka hata msibani, hakucheka.

"Kata kamba!" Bi. Edina akanipigia kelele. "Kata, usifungue! Ng'ombe anainua nyuma kwanza, kichwa lazima kipate pa kwenda!"

Nikakata. Mtamba akajaribu kusimama. Miguu ya nyuma ikatambaa, mmoja kulia, mmoja kushoto, ikazidi kuachana. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe, kama mtu anayeinua mzigo unaomshinda.

Bi. Edina akajitupa juu ya shingo yake, akamlalia. "Asijaribu tena. Akijaribu mara mbili hapa nyonga zinapasuka, na akipasuka nyonga hatasimama maisha yake. Tutamchinja hapa hapa kama yule. Hamphrey, nipe mkanda wako."

"Suruali itashuka, daktari."

"Ishuke!"

Bi. Edina akaifunga miguu ya nyuma kwa mkanda, akiacha nafasi ya hatua moja kati yake, isiweze kutawanyika. Kisha akanigeukia. Alivuta kidole kimoja juu ya sakafu, akakinusa.

"Umepaka nini hapa?"

"Oili chafu."

"Kwenye sakafu ya mnyama?"

"Kwa ajili ya mchwa."

Akakipangusa kidole ubavuni mwa tela. "Tafuta kitu cha kushika kwato. Majivu, magunia, mchanga, chochote. Kimbia."

Juu ya barabara palikuwa na nyumba moja. Nilipanda katikati ya ngolo za maharage, yale mashimo ya kilimo cha kwetu, naingia kwenye shimo natoka kwenye shimo, udongo unanijaa kwenye ndara. Mwenye nyumba, mtu wa umri wangu anayeitwa Kilian, alikuwa kwenye vichanja vyake anafunika kahawa isilowe. Nilimweleza huku nahema. Akachungulia barabarani, akaiona sakafu inang'aa hadi kule juu.

"Ndugu yangu," akasema, "umemwekea ng'ombe ukumbi wa harusi. Alipaswa kucheza?"

"Nisaidie. Utanicheka baadaye."

"Naweza kufanya yote mawili."

Na kweli alifanya yote mawili. Alimwaga kahawa yake iliyokuwa kwenye magunia manne ya katani, akanipa magunia. Alichota majivu jikoni debe zima. Kisha akaona rundo la miti ya kahawa aliyoikata mashina mwaka huo ili ichipue upya, migumu, minyoofu kiasi, unene wa mpini wa jembe. Akaweka mzigo begani.

"Pigilia hii ikingame," akasema. "Kama ngazi ya kuku."

Nilisimama na debe la majivu mikononi. Papi zile zilinirudia machoni zote, moja moja, jinsi zilivyokuwa zimekingama kila baada ya shibiri, jinsi zilivyolika katikati pale kwato za farasi zilipokuwa zikikanyaga. Seremala wa padre hakuwa mvivu.

"Umechoka?" Kilian akaniuliza.

"Hapana. Twende."

Begi langu la zana lilikuwa garini. Tulimwaga majivu, tukasukumia magunia chini ya tumbo la mtamba kila tulipopata nafasi, na nyuma yake na mbele yake nikapigilia miti ile. Kila nyundo ikilia alitetemeka mwili mzima, na kila alipotetemeka nilisubiri kusikia kitu kinachanika. Bi. Edina alikuwa amemfunika macho kwa kitenge, anamnong'oneza. Kwa mkono mwingine alikuwa anagusa chini ya mkia, anaangalia vidole, anavifuta, anagusa tena. Nilitaka kumuuliza anaona nini. Sikuthubutu.

"Mwacheni sasa," akasema.

Akaondoa kitenge. Mtamba akapumua mara tatu. Akatupa kichwa mbele, nyuma ikainuka, kwato moja ikakwama kwenye mti, nyingine ikakwaruza gunia, ikateleza, mkanda ukaishika. Akaanguka magoti. Hamphrey akafumba macho, ameshika suruali. Mtamba akajaribu tena. Safari hii kwato zote mbili zilipata pa kushika, na akasimama, anatikisika kama meza yenye mguu mfupi.

Hakuna aliyeshangilia. Bi. Edina aliingia nyuma yake, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Ute upo, wa kawaida," akasema. "Damu sijaiona. Lakini mimba ikishtuka haimwagiki saa ile ile. Inaweza kutoka kesho, inaweza kutoka keshokutwa. Siku tatu. Zikipita tatu, nitapumua."

Kisha akaniambia bila kupandisha sauti: "Dada yako utamwambia mwenyewe. Na Mama Yuliana. Sitakusemea, na sitakufichia."

Safari iliyobaki nilikaa ndani ya tela. Nilisimama nimeegemeza bega langu kwenye bega la mtamba, miguu nimeikanyagia kwenye mti wa kahawa, na kila kona nilimsukuma yeye au yeye alinisukuma mimi. Hamphrey aliendesha kwa gia ya kwanza. Bodaboda zilitupita, hata mtu wa baiskeli alitupita. Ukungu ukaisha, joto likaanza kupanda kutoka chini. Nilikuwa najaribu kupanga maneno. Nikasema nitawaambia ni kona. Nikasema nitawaambia ni mtu wa ndizi. Kila nilipopata maneno mazuri mtamba alihamisha mguu, na mimi nikayasahau.

Walikuwa wametusubiri barabarani tangu asubuhi. Wanawake wote kumi na wawili, kanga mpya, vigelegele kabla hata hawajajua kilichomo. Mama Yuliana alikuwa mbele, na mzigo wa matete kichwani, kwa sababu wamekubaliana kwamba anayefuata ndiye anayemlisha mtamba shibe ya kwanza. Ni kama kumsalimia ndama wake aliye tumboni. Scholastica alikuwa nyuma kidogo, mikono imeshikana kifuani. Amekonda tangu mumewe afariki, lakini siku ile uso wake ulikuwa umejaa.

Nikashuka, nguo zimejaa majivu na mavi na oili.

"Shikamoo, Mama Yuliana."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja kama umetoka kaburini? Nitolee mjukuu wangu nimlishe."

"Mama, subiri. Dada, subiri. Ameanguka njiani."

Vigelegele havikukatika mara moja, kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Ilibidi niseme kwa nguvu. Nikasema ameanguka, na ameanguka kwa sababu ya sakafu, na sakafu niliitengeneza mimi, nikaipaka oili chafu, nikang'oa papi zilizokuwepo kwa sababu nilidhani ni viraka. Nikasema asubuhi niliuona mguu wake ukiteleza, nikanyamaza.

"Mimba?" Scholastica akauliza. Hakuniuliza mimi, alimuuliza Bi. Edina.

"Siku tatu," Bi. Edina akasema.

Dada yangu alikuja taratibu akasimama mbele yangu. "Kaka Joakim," akasema, "hapa tuko wanawake kumi na wawili. Kila mmoja wetu mafuta yameshawahi kumwagika jikoni kwake, na anajua alifanya nini kabla mtoto hajapita. Hukumuuliza hata mmoja."

Akaenda kumshusha mtamba wake. Mama Yuliana alinipita na matete yake kichwani kana kwamba mimi ni kigingi.

Hamphrey alirudi Mbinga jioni ile. Tela lilibaki kando ya banda. Mimi nilibaki pia, ingawa hakuna aliyeniomba.

Siku ya kwanza mtamba hakula. Alisimama kichwa chini, goti la nyuma limevimba. Nilichota maji ziwani, nikamkandia goti, nikabadilisha nyasi. Mama Yuliana alikuja asubuhi na jioni. Aliinua mkia, akaangalia, akapekua nyasi zote za chini kwa fimbo akitafuta damu. Mimi namwambia shikamoo, yeye anamwangalia ng'ombe usoni, anasema "Marahaba," anaondoka.

Siku ya pili alikula matete kidogo. Mchana aliinua mkia akakaza mgongo, nikaruka juu, nikamwita Scholastica kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Yalikuwa mavi. Scholastica aliyaangalia, akaniangalia.

"Umekula leo?" akaniuliza.

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa." Akaniletea ugali na dagaa, akauweka chini, akasimama pale mpaka nikamaliza. Sahani aliichukua mwenyewe.

Siku ya tatu Bi. Edina alifika na mabuti yake. Wanawake walikuwa wamejazana kwenye uzio wa banda. Alipima joto la mtamba, akaangalia macho, akapapasa goti, akaingia nyuma. Kisha akapiga goti upande wa kulia, akaweka ngumi chini ya ubavu, mbele kidogo ya kiwele.

"Unasukuma ndani hivi, haraka," akawaeleza wenzake, "halafu unaacha ngumi hapo hapo. Ndama akiwa mzima anakwenda, anarudi kukugonga."

Akasukuma. Tukasubiri. Uso wake haukubadilika. Akasukuma tena. Mmoja wa wanawake akaanza kusema Salamu Maria kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya banda, nikagundua naibana kana kwamba ndiyo itakayoanguka.

"Wanalala pia," Bi. Edina akasema, lakini alisema kwa haraka mno.

Akasukuma mara ya tatu. Mara ya nne. Akatoa mkono, akaupangusa kwenye koti, akageuka.

"Mama Yuliana. Njoo wewe. Mkono wangu umechoka, na ndama ni wako."

Mama yule alivua ndara nje ya banda kama anaingia kanisani. Alipiga magoti kwa shida, goti moja, kisha la pili. Akaweka ngumi pale alipoonyeshwa. Hakusukuma kwa haraka. Alisukuma kama mtu anayekanda unga, akatulia, akafumba macho. Mtamba alikuwa anatafuna. Nilihesabu kila alipotafuna, nikafika ishirini na tatu.

"Ee," Mama Yuliana akasema.

"Nini?" Scholastica akauliza. "Mama, nini?"

"Kanipiga." Akafumbua macho. "Kanipiga, mjinga huyu. Na teke si dogo."

Uzio ulikaribia kuanguka kwa jinsi walivyoushika. Vigelegele vilipigwa, vile ambavyo Jumamosi vilikatizwa. Bi. Edina alirudia mwenyewe, akangoja, akatikisa kichwa kukubali. Scholastica alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanacheza. Mimi nilitaka kwenda kuugusa ubavu ule, nikajizuia. Nilikaa chini kwenye nyasi chafu nilizokuwa sijazibadilisha.

"Msishangilie sana," Bi. Edina akasema. "Imebaki karibu miezi miwili. Alishtuka vibaya, goti bado bovu. Sitaki asimame kwenye tope, sitaki akose majani, na nyasi za kulalia ziwe nzito kila siku. Kavu."

"Nyasi kavu huku kwetu ziko wapi mwezi wa saba ukiingia?" mmoja akauliza. "Mbuzi wamemaliza."

Mama Yuliana alikuwa bado amepiga magoti, ngumi yake ipo pale pale. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi aliniangalia mimi, si ng'ombe.

"Fundi. Huko kwenu milimani nyasi zipo?"

"Zipo, mama. Nyingi."

"Na tela unalo."

"Ninalo."

"Basi kila Jumamosi mpaka azae, utashuka nalo limejaa. Ukikosa Jumamosi moja nitapanda mwenyewe kukufuata, na miguu yangu hii, na wataniona Mbinga nzima."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo ya nani? Ya aliyejenga ukumbi wa harusi?"

Kilian alikuwa amelirudia neno lile mbele ya Hamphrey, na Hamphrey alikuwa ameshawasimulia. "Ndiyo yangu," nikasema.

"Haya. Shikamoo yako naipokea." Akafumba macho tena, akasukuma ngumi ubavuni, akatuonyesha kwa mkono mwingine kwamba tunyamaze.